Mizani Aliyoisoma Peke Yake

Tulimzika Jumamosi, na mashine yake bado inanguruma sebuleni. Mjane hajathubutu kuizima.

Marehemu alikuwa mkulima wa miwa upande wa Shianda, na kwa kujifurahisha alichimba sarafu ya kidijitali nyumbani kwake. Uchimbaji huo hauna jembe: mashine hukisia namba mchana kutwa na usiku kucha, ikishindana na mashine za dunia nzima, na inayopatia humpa mwenyewe sarafu. Wengi huungana ili wagawane. Yeye alikataa. Aliweka hata kompyuta yake iliyotunza daftari zima la sarafu hiyo, asije akalazimika kumuuliza mtu lipi ni kweli. Siku moja nilimtania, "Mzee, si ungecheza tu bahati nasibu?" Hakucheka. "Ndugu yangu, tangu nianze kulima, miwa yangu inapimwa na mizani ya wengine. Naambiwanga tani, nanyamaza. Hii moja napima mimi." Nani katika nchi hii ya miwa angembishia?

Jumanne, siku ya wafiwa kunyoa nywele za msiba, wazee waligawa vitu vyake. Baiskeli na mapanga vilipata wenyewe upesi. Ilipofika zamu ya mashine, kila mtu akatazama chini.

"Shemeji, hii kitu inakulanga stima bure," mdogo wa marehemu akasema. "Zima."

"Na kama ni leo ilikuwa ipate?"

"Hata ipate! Utafungua na nini, kisu ya kuku?"

Watu wakacheka, kisha wakaona uso wa mjane, wakaacha. Sarafu hizo hufunguliwa kwa maneno ishirini na manne ya siri, na marehemu alijivunia kuyaweka kichwani. Karatasi huibwa, alikuwa akisema.

Tuliochoshwa na mizani ya wengine tuna haki ya kujiwekea yetu. Lakini mizani inayosomwa na mtu mmoja huzikwa pamoja naye, na wanaobaki hurudi palepale, kungoja kuambiwa.

Jana jioni mjane alinipigia simu. Taa ndogo ya mashine, ambayo miaka yote ilikuwa ya buluu, imegeuka kijani.

"Hiyo ni nzuri ama ni mbaya?" akaniuliza.

Hadi naandika haya, sijapata wa kumuuliza.