Siku Niliyoongoza Maziko Yangu Mwenyewe

Sina pa kuuficha uso wangu, kwa hivyo bora niwasimulie mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Kuze kila baraza ina toleo lake la mkasa huu na kila toleo linanifanya mpumbavu kuliko lile la jana (lile la wanywa kahawa, eti nilikwenda makaburini kujichagulia kiwanja, ni uongo mtupu, na aliyelianzisha namjua). Aibu ni yangu, nakubali. Lakini nikimaliza mtaniambia kama ni yangu peke yangu.

Mnajua nilipatwa na mshtuko wa moyo. Nilikuwa kazini Kilindini, nimesimama nazozana na karani mmoja juu ya kontena la vigae, kifua kikabana, na nilichokumbuka baadaye ni dari ya hospitali. Nilipotoka, daktari akanitia katika darasa la mazoezi ya wagonjwa wa moyo, chini ya Sista Mapenzi, binti wa Kigiriama mwenye sauti ya upole na amri za sajini. Tulipanda baiskeli zisizokwenda popote, tukainua vyuma vyepesi vya kitoto, tukapimwa presha kabla na baada, na nawaambia kweli, mimi niliyeingia pale nikishikwa mkono nikaanza kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Nyumbani nako nikapewa kazi: kutembea kila siku, mwendo wa kukaza, bila kusimamasimama.

"Lakini uwe waweza kuzungumza, baba," sista aliniambia. "Ukiona maneno hayatoki, umezidisha. Punguza."

Nikaitikia, na moyoni nikasema nizungumze na nani, na kuta?

Sasa, taabu haikuwa moyo, taabu ilikuwa nyumba. Mke wangu Bi Zuhura na kaka yake Mbarak (shemeji yangu huyu ni muuza vitambaa, udaktari alijipa siku ile niliyougua) walikata shauri kwamba dawa ya mgonjwa wa moyo ni kukaa kitako. Nikawekewa kiti dirishani. Maji naletewa, uji naletewa, hata kofia naletewa, na nikinyanyuka tu Mbarak ananishika bega: "Shemeji, kaa kitako. Moyo si mguu." Nikimweleza maneno ya sista, hunicheka. Mtu mzima, nimelea watoto wanne, nimegombana na manahodha, leo nimewekwa dirishani kama kasuku.

Na huko nje je? Jaribu wewe kutembea Kuze bila kusimama. Baraza ya kwanza watakuuliza hali yako, ya mkeo, ya watoto, ya mtoto aliye Maskati, kisha ya moyo, kisha utapewa kahawa na kipande cha halua usichotakiwa kukila, na hapo pana mtu ana kisa cha binamu yake aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Unafika baraza ya pili jua linatua.

Alhamisi hiyo nikagundua kwamba Bi Zuhura ameficha raba zangu za mazoezi. Nilizipata ndani ya pipa la mchele, na hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia nalala kidogo, naye akaingia jikoni. Nikafunga mlango wa chumba kwa nje, ufunguo nikautia mfukoni ili adhani nimejifungia ndani, nikateremka polepole raba mkononi. Na ili mabaraza yasione suruali ya mazoezi yakaanza maswali, nikavaa juu yake kanzu nyeupe na kofia. Nilijiona mwerevu. Kanzu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sala ya alasiri ilikuwa imeshatoka na watu wamejaa vibarazani. Nikakaza mwendo, uso chini. Maalim Bakari, jirani yangu aliyesomesha Kurani chuoni hadi nywele zikamwisha, akaniona.

"Athumani, wenda wapi mbiombio hivyo? Kuna maziko?"

Pumzi nilikuwa naitunza, na nilijua nikifungua kinywa tu nimekwisha, nitaketishwa. Nikanyoosha kidole mbele.

"Wameshatangulia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Basi. Sikusema uongo hata neno moja, maana sikusema neno.

Sasa nyinyi mwajua ada yetu. Sisi hatuulizi kwanza. Ukiona kanzu zinakwenda mbio upande wa makaburini, unavaa viatu, unafuata, unatia bega chini ya jeneza, na jina la maiti utalijua huko huko. Ni ada nzuri, na siku yangu ikifika kwa haki naitaka. Lakini mtu hata mmoja asiulize? Maalim akanyanyuka na wenzake. Baraza ya pili wakawaona wa kwanza, ya tatu wakawaona wa pili, Abdalla muuza viungo akashusha mlango wa duka, na mimi huku mbele sijui lolote, nasikia tu nyayo nyuma yangu zinaongezeka.

Nilidhani ni Mbarak ametuma watu wanirudishe kwenye kiti. Nikakaza. Nao wakakaza, maana walimwona mtu anayejua jeneza lilipo anaongeza mwendo. Tulipopita Marikiti wauzaji wawili wakaacha nyanya zao wakaingia safuni, msukuma mkokoteni akasimama kwa heshima, na mimi hapo hata bismillahi isingenitoka. Nilipoona ukuta wa makaburi ya Kikowani pumzi ikaniishia, nikaketi chini pembeni ya lango.

Maalim akafika akihema, akanishika mkono kwa huruma. "Pole, ndugu yangu. Alokufa ni nani wako?"

Wengine wakapita wakaingia ndani, wakazunguka, wakarudi. Mchimba makaburi aliwaambia hana kaburi jipya leo wala hajaletewa habari. Wote wakanigeukia, umati mzima wa kanzu, nami chini nimenyoosha miguu, raba nyeupe zimetokeza waziwazi.

Pumzi iliporudi nikasema, "Hakuna aliyekufa. Niko mazoezini."

Kisha Abdalla akasema, taratibu kabisa, "Athumani, mimi nimefunga duka."

Mwasikia? Mtu ana moyo mbovu, ameketi mavumbini, hakuna aliyemuuliza kama ataka maji, ila mwenzake amefunga duka. Walinitazama kana kwamba nimewadhulumu maiti. Nikaanza kuwaambia, na ningewaambia mengi, lakini simu ya Abdalla ikalia. Alikuwa mkewe. Kumbe njiani alimpigia kumwambia kuna maziko, watu wametokea uchochoro wa kwetu, jina halijui, na mkewe naye akapiga hesabu yake: uchochoro ule mgonjwa ni nani? Abdalla akasikiliza, akanitazama, akaziba simu kwa kiganja.

"Auliza kama umeshazikwa. Asema wanawake wameshajaa kwa Bi Zuhura."

Hapo nikakumbuka mlango. Nikakumbuka ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu. Mke wangu anaambiwa nimekufa, anakwenda kugonga, na ndani haitiki mtu. Ugomvi wote ukanitoka. Nikasema nipelekeni nyumbani, na Maalim akasimamisha tuktuk, akaingia nami, akanishika kifua njia nzima kama atakayeuzuia moyo usidondoke.

Uchochoroni mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Watu wameketi juzuu za Kurani mkononi, na sufuria kubwa la shughuli, lile la kuazima, limeshaletwa (kufa kufaana, wazee walisema, ila hawakusema haraka kiasi hicho). Nikapita katikati yao. Mmoja aliniitikia salamu, kisha akaniangalia tena, juzuu ikamwanguka.

Juu nikasikia mbao zinapasuka. Mbarak alikuwa anapiga bega mlango wangu. Na Bi Zuhura amepiga magoti pale chini, paji la uso kwenye kizingiti, anazungumza na mbao.

"Fungua, baba Swaleh. Fungua, raba zako nitakupa. Utatembea utakako."

Kitasa kikang'oka, Mbarak akaingia chumbani kwa tumbo, akakuta kitanda na mto. Nami nyuma yao, mjinga mkubwa, nimeunyanyua ufunguo juu: "Ufunguo ninao."

Kelele zilizotoka kwa wanawake wale sitaki kuzisikia tena maishani mwangu. Bi Zuhura hakupiga kelele. Alinyanyuka, akanijia, akatia kiganja chake kifuani mwangu mbele ya watu wote wale, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane, akakiacha hapo.

"Wapiga mbio," akasema.

"Nimetoka kutembea," nikasema.

Mbarak, badala ya kumshukuru Mungu, akajipangusa vumbi akauliza tuwaambieje sasa watu wa mikeka. Nilimwambia awaambie wakae kitako.

Nilipomsimulia Sista Mapenzi hakucheka. Aliuliza tu, "Maalim alipokuuliza, ulishindwa kumjibu 'la'?"

Nikasema nilikuwa natunza pumzi.

"Neno moja, baba. Kama huna pumzi ya neno moja, ulikuwa umezidisha kabla hujafika mbali."

Iliniudhi, maana ni kweli. Salamu zile nilizozikimbia ndizo kipimo alichonipa. Sasa natembea bila kanzu, suruali ya mazoezi waziwazi, na Bi Zuhura ubavuni na buibui lake na raba alizonunua mwenyewe, na baraza hadi baraza naitikia: hatujambo, alhamdulillahi, mtoto wa Maskati mzima, miguu haisimami. Salamu ikinishinda, napunguza. Kupita baraza kimya sitarudia, wala kufunga mlango nikaondoka na ufunguo, hata mkinipa jumba la mfalme.

Lakini radhi sijaombwa. Abdalla hadi leo akinipimia iliki ananitazama kama mtu aliyevunja ahadi. Mbarak asema yote haya yasingetokea ningekaa kwenye kiti. Na mlango wangu hauna kitasa. Fundi amekuja mara mbili, na mara zote mbili Bi Zuhura amemrudisha kutoka ngazini. Nilighadhibika, nikamwambia mtu mzima astahili chumba kinachofungika. Ila nikijilaza mchana nasikia nyayo zake zinakuja, zinasimama hapo mlangoni kwa muda, kisha zinarudi jikoni, nami siku hizi nikizisikia nakohoa kidogo.