Mfuko Ndani ya Godoro la Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga chafya tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wala siongezi chumvi, wajukuu zangu. Kazi ilikuwa ya kutengeneza magodoro ya sufi, katika ushirika mmoja wa mafundi Mtaa wa Msimbazi, hapa Kariakoo. Sisi wanawake tuliwekwa kuchambua: unaketi mkekani, unatoa kokwa nyeusi kwenye sufi, kisha unaipiga kwa fimbo mpaka ivimbe. Sufi haina adabu. Inaingia puani, inatua kwenye nyusi, inakufuata hadi kwenye wali wako wa mchana. Nyinyi mnalalia sponji, mnaamka migongo inawauma, halafu mnasema mmeendelea!

Mwenyekiti wa ushirika alikuja siku hiyo kutuhutubia. "Ndugu zangu," akasema, "mfanyakazi aliyelala vizuri ndiye anayejenga taifa!" Tukapiga makofi, sufi ikaruka, naye akapiga chafya akaenda zake. Aliyetufundisha kazi hasa ni Fundi Mkuu, mzee wa Kilwa, mfupi, mwenye kofia iliyochomekwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magodoro na magunia. Kwake nilipanda kutoka kuchambua hadi kushindilia, yaani kuijaza sufi kwenye kitambaa kwa ngumi na magoti. Baadaye nikafundishwa kufunga vifundo, ule uzi unaopenya juu hadi chini ili sufi isikimbilie pembeni. Tulipohamishiwa Ilala, karibu na Mchikichini, akanipa ukarabati.

Ukarabati ulinifaa, maana mimi ni mdaku tangu utotoni, siwezi kuona chungu nisifunue. Watu walileta magodoro yaliyolala, sisi tunafumua, tunaipiga sufi upya, tunarudishia. Na mambo yaliyokuwamo humo! Hirizi, meno ya watoto, kanga mpya ambazo mume hazijui, picha za watu ambao hukupaswa kuwaona. Fundi Mkuu akanishika mapema.

"Binti Selemani, godoro la mtu ni kifua chake. Hulifumui mpaka mwenyewe awepo. Ukishafumua, unageuza uso, mwenyewe anachukua chake. Na huulizi."

"Hata kidogo, Fundi?"

"Hata kope zako zisiulize."

Basi nikawa nageuza uso huku roho inaniwasha.

Mimi na mume wangu Bakari, mpagazi wa bandarini, Mungu hakutujalia kuzaa. Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi akaja na watoto wawili. Mama yao, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amefariki, na ndugu wa kusini walitafutwa wasipatikane. Hadija alikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Musa, mdogo wake, ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka. Shehe wa msikiti wetu alisema mlango wa kheri umebisha hodi wenyewe, majina yao wabaki nayo ya baba yao, sisi tutoe malezi. Majirani walisema mengine. "Samaki mkunje angali mbichi. Huyo msichana keshakauka huyo!" Bakari akawajibu, "Mwenyezi Mungu katuletea waliokwisha ota meno na wanajua kuoga. Mnatuonea wivu tu."

Musa hakunipa taabu. Wiki haikwisha, keshaniita mama, keshavunja kikombe, keshadanganya kuwa ni paka. Hadija ndiye aliyenikosesha raha. Aliamkia vizuri, aliosha vyombo bila kutumwa, na kila kitu chake alikifunga kwenye kanga, akaiweka mlangoni kama mtu anayesubiri basi. Chakula alikula nusu. Nusu nyingine sikuona inakwenda wapi. Nilijua jambo moja tu, kwamba asubuhi yoyote naweza kuamka nikakuta kanga haipo, na watoto wote wawili hawapo. Nilishampenda, na niliogopa kumpoteza.

Ilikuwa miaka ile ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, unapanga foleni dukani tangu alfajiri na ukirudi na kimfuko unajiona tajiri. Kila jioni kabla hatujanyoosha mkono sahanini nilimshukuru Mola kwa sauti. Jioni moja Hadija akanitazama.

"Unamshukuru kwa unga wa yanga?"

"Namshukuru kwa midomo inayoula. Zamani ilikuwa miwili."

Aliendelea kunitazama, nami nikajiuliza anatafuta nini usoni mwangu.

Kisha panya wakaja. Chumba cha watoto kikawa na harufu ya uchachu. Nilipokuwa natandika, mkono wangu ukagusa godoro la Hadija ukajua kabla sijajua mimi. Sufi ikiganda inafanya bonge laini. Hili lilikuwa gumu, tena si moja. Na kwenye mshono wa pembeni palikuwa na uzi mweupe, si uzi wangu. Ewe Mola, mikono iliniwasha! Nilitaka kuingiza vidole palepale. Nikajizuia, nikaenda kwa Fundi Mkuu.

"Shikamoo Fundi. Mtoto kaficha kitu ndani ya godoro."

"Marahaba. Godoro la nani?"

"La kwake."

"Ukiletewa godoro la mtu, unafanyaje?"

"Namwita mwenyewe."

"Basi umenifuata nini? Nenda kafanye kazi yako."

Jumapili nikatandika mkeka uani, nikalitoa godoro, nikamwita Hadija. Alipoona shazia mkononi mwangu akarudi nyuma. Nikamwambia, "Nafumua, kisha nageuka. Toa chako. Mimi fundi, siulizi." Nikafumua, nikageukia ukuta. Nyuma yangu nikasikia vitu vikigonga mkeka, kimoja, kingine, kingine tena. Kisha sauti ndogo ikasema, "Geuka."

Palikuwa na mikate iliyoota ukungu, matonge ya ugali yaliyokauka kama kokoto na sukari iliyofungwa kitambaani.

"Ya Musa," akasema. "Siku mkituchoka, asilale njaa. Sasa mtatufukuza?"

Nililia, wajukuu zangu, sikuficha. Nilikuwa nimemwomba Mungu mtoto miaka na miaka, na huyu aliyeletwa alikuwa anajiandaa kwa siku nitakayomfukuza. Ningemwapia kwamba siku hiyo haipo, lakini nani amemwapia mtoto yatima akaamini? Nikafanya ninachokijua. Nikachukua kipande cha kitambaa, nikamshonea mfuko ndani ya godoro, wenye mdomo wa kufunga kwa kamba.

"Mikate inaleta panya," nikamwambia. "Weka makopa, muhogo uliokauka hauharibiki. Debe lake lile pale jikoni, chota mwenyewe. Mkono wangu hautaingia humu."

Akanitazama kama mtu anayepima nguo. Kisha akaenda jikoni akachota.

Tangu hapo nikawa na dua moja kila baada ya sala: Ya Rabi, mwondolee hofu. Neno mama lilikuja kwa mlango wa nyuma, nilimsikia akimwambia muuza nazi, "Mama kasema usitupe mbovu." Nilifurahi nikasahau kuweka chumvi kwenye mchuzi. Ile kanga ya mlangoni ikafunguliwa, ikaanza kuvaliwa. Ila mfuko sikuugusa. Nilitandika godoro lile miaka, naligeuza, nalianika, na udaku wangu unanitafuna, lakini ahadi ni deni.

Fundi Mkuu alifariki kabla sponji haijajaa madukani ikatufukuza kazini. Ushirika ulipokuwa unafungwa, godoro langu la mwisho lililetwa na Hadija mwenyewe. Alikuwa amechaguliwa chuo cha ualimu, akataka sufi ipigwe upya aende nalo. Nikakaa mkekani, nikafumua mshono, nikageukia ukuta kama desturi.

"Usigeuke, mama. Tazama."

Akafungua kamba, akaupindua mfuko nje ndani. Haukuwa na kitu. Unyoya mmoja wa sufi ulitoka ukaruka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ah, zamani. Musa alikuwa darasa la nne."

"Miaka yote hiyo! Mimi naomba dua usiku na mchana, roho inanitoka, na wewe umekaa kimya tu! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nilicheka mpaka nikalala juu ya sufi. Alhamdulillahi, Mola alikuwa amenijibu siku nyingi, nami bado nilikuwa naomba. Nilipopata pumzi nikashika shazia nikamwuliza kama niufumue ule mfuko, maana hauna kazi tena.

"Uache," akasema. "Nitilie makopa. Chakula cha chuo nasikia si kizuri."

Jioni tulipolirudisha godoro nyumbani, nikaenda jikoni nikachota. Ndiyo mara ya kwanza mkono wangu kuingia mle mfukoni.