Nyundo Afe, Lakini Azikwe

Hebu mchore kichwani mwako Pyo Gilnam anavyowasili kwenye nyumba ya kulelea wazee ya Yesan, Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Ni mtu mweusi, sawa. Lakini kama umeanza kwa kumjaza misuli, futa. Kama umemvisha mkufu wa dhahabu na miwani ya jua, futa pia, tena futa vizuri usiache alama. Mpe kitambi cha mtu aliyevuka hamsini, sweta ya rangi ya maharage aliyofumiwa na mama yake, mfuko wa matufaha mkononi, na mwendo wa mtu ambaye hata mvua ikianza huiachia itangulie. Haya, sasa umempata.

Mlangoni alikutana na mhudumu mgeni, dada mmoja aliyehamia juzijuzi kutoka Seoul. Dada akasimama wima, akameza mate, akamwamkia kwa Kiingereza chote alichobakiza tangu shule. Gilnam alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akamjibu kwa ile lafudhi ya Chungcheong, mkoa wenyewe wa Yesan, ya kuvuta maneno kama mtu anayemvuta ng'ombe asiyetaka kutoka zizini.

"Aaah... hayo yooote uliyosema, dada, siyajui ni nini, lakini yalikuwa na sauti nzuri. Mama yangu ameshakula?"

Baba yake alikuwa askari wa Kimarekani, mtu mweusi, aliyerudishwa kwao kabla Gilnam hajaota meno. Mama yake, Pyo Okbun, akambeba mtoto mgongoni akarudi naye Yesan kwenye mashamba ya matufaha, na huko ndiko Gilnam alikojifunza kila anachokijua, pamoja na uzito wa ulimi. Maana watu wa huko hawasemi ndiyo wala hapana. Ukimuuliza mmoja kama ana njaa, atakwambia kwamba chakula kikiletwa si adabu kukirudisha.

Riziki yake ni chumba cha katuni, jirani na kituo cha treni. Watu huja, huvua viatu, hujilaza kwenye mikeka, husoma katuni kutwa nzima, na Gilnam huwapikia tambi zenye yai juu. Chumba chenyewe kina historia. Alipokuwa mdogo alikuwa akiazima katuni dukani, na humo watu wenye sura yake walikuwa na midomo kama soseji mbili, mfupa kwenye nywele, na chungu kikubwa motoni ambamo msafiri alikuwa anachemka. Mama Okbun alikuwa akichukua mkasi wake wa kushonea, anawakata wote, ukurasa kwa ukurasa, kisha anarudisha kitabu kikiwa na matundu kama chekeche.

"Mama Gilnam!" mwenye duka alilalamika. "Hadithi haieleweki tena!"

"Sasa ndiyo inaeleweka," alijibu.

Wakafukuzwa, mama na mwana. Gilnam alipokua akafungua chumba chake mwenyewe, asije akafukuzwa na mtu. Kufikia wakati huo wale wa vyungu walikuwa wametoweka na badala yao wakaja mabaunsa na mabondia: wakubwa, weusi tii, hawana jina, wanaunguruma badala ya kusema, na kazi yao ni kupigwa teke moja na shujaa ili msomaji ajue kwamba shujaa si mtu wa mchezo. Gilnam aliwasoma wote. Aliwaona wakianguka kifudifudi, wakianguka chali, wakianguka juu ya magari.

Basi ghorofa ya juu ya chumba chake alipanga mchoraji mmoja, Tak Seou, binti wa jiji la Busan mwenye ulimi usio na breki. Katuni yake hutoka kila Jumatano, watu wanaisoma kwenye simu. Siku moja alishuka ngazi na kalamu sikioni.

"Mjomba, nina mtu mweusi anaingia kwenye hadithi. Baunsa wa bosi mbaya, anaitwa Nyundo. Kila nikimchora anafanana na wa wenzangu, na wenzangu walimtoa kwa wenzao, sijui wa kwanza alimtoa wapi. Hebu simama hapo. Kasirika."

Gilnam akasimama.

"Nimesema ukasirike."

"Hapa ndipo nimekasirika, mwalimu," alijibu; mchoraji kwao huitwa hivyo kwa heshima.

"Unaonekana kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka."

"Aah, na hilo nalo hukasirisha."

Seou alicheka mpaka kalamu ikadondoka, halafu akamchora hivyohivyo. Nyundo akaingia kwenye hadithi na kitambi, na uso wa wasiwasi, na maneno ya Gilnam mdomoni. Bosi anamwamrisha, "Mvunje miguu!" Nyundo anajibu, "Yote miwili, bosi? Na ngazi hizi atashukaje?" Wasomaji wakampenda kufa. Na aliyempenda kuliko wote alikuwa Mama Okbun, ambaye macho yamechoka lakini si masikio. Kila Jumatano Gilnam huja kumsomea, sauti ya Nyundo anaitoa bila taabu, na nyumba nzima ya wazee husogeza viti. Mama Okbun aliacha hata kujitambulisha kwa jina. Alikuwa akisema tu, "Mimi ni mama Nyundo."

Jumatano hii tunayoisema, Gilnam alimkuta Bibi Maeng wa kitanda cha jirani akitabasamu vibaya. Bibi Maeng ana mjukuu anayelipia kusoma sehemu za mbele kabla hazijafika kwa watu wa bure.

"Okbun," alisema, "pole sana."

"Pole ya nini?"

"Aa, sisemi. Mimi si mtu wa kuwaharibia watu utamu."

"Maeng, ulimi unakuwasha. Ukune."

"Nyundo wako anakufa! Shujaa kampiga teke, kaanguka kutoka ghorofani, hadithi ikakatikia hewani. Mjukuu wangu kaona kwa macho yake."

Gilnam akafungua simu, akafunga, akatoa tufaha mfukoni, akalirudisha.

"Gilnam."

"Naam, mama."

"Maisha yangu yote nimengoja kuona mtu mwenye sura yako akisema jambo la maana kwenye katuni. Nimempata juzi tu. Nenda kamwambie yule msichana simruhusu."

Kazi ikawa hiyo. Na ukitaka kumtesa mtu wa Chungcheong, mtume akaombe kitu moja kwa moja. Gilnam alipanda ngazi na bakuli la tambi zenye mayai mawili.

"Hali ya hewa ya leo, mwalimu..."

"Mbaya," alisema Seou bila kuinua kichwa.

"Na ghorofa za siku hizi zimekuwa ndefu."

"Ndefu."

"Mtu akianguka kutoka huko..."

"Anakufa. Asante kwa tambi, mjomba."

"Aah. Isipokuwa labda chini kuna mtu anauza matufaha, na ana turubai."

Seou alikuwa ameshaanza kula. Kesho yake Gilnam alirudi na keki za mchele, na siku iliyofuata na kimchi, figili zilizochachushwa kwa pilipili, kila safari akizunguka mbuyu mpaka mwenyewe anapata kizunguzungu. Mwishowe Seou aliweka kalamu chini.

"Mjomba, kama una mpango wa kuniposa, sema mapema. Nguo hazinitoshi tena."

Gilnam alishuka zile ngazi kwa kasi ambayo Yesan haijawahi kumwona nayo.

Habari ilipomfikia, Mama Okbun aliomba ruhusa ya kutoka. Gari la nyumba ya wazee likamleta, wahudumu wawili wakampandisha juu na kiti chake cha magurudumu huku wakihema, na Gilnam nyuma yao akiomba radhi kwa kila kipandio.

"Wewe ndiye unayemuua mwanangu?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Seou akasimama, akainama kwa adabu. "Si mimi, bibi. Ni mhariri. Anasema Nyundo lazima aanguke ili shujaa aonekane mkubwa. Katuni zote ziko hivyo."

Mama Okbun aliitazama michoro ukutani, akamtazama mwanawe aliyejibanza mlangoni na soksi zake zilizotoboka, akavuta pumzi.

"Basi afe."

"Mama!" Gilnam alisema, na kwa mtu wa Chungcheong hilo lilikuwa tusi.

"Afe. Watu hufa. Lakini azikwe."

"Azikwe?" Seou aliuliza.

"Tangu huyu akiwa mtoto nawaona watu weusi wakifa kwenye katuni zenu kama nzi. Wanaanguka, ukurasa unafunuliwa, hakuna hata anayeuliza mwili uko wapi. Wa kwangu nataka msiba wa siku tatu. Nataka picha yake yenye utepe mweusi. Nataka supu ya nyama yenye pilipili ya kutoa kamasi, watu wacheze karata mpaka wagombane, na yule bosi wake bahili alete shada la maua limeandikwa jina."

Seou akakaa chini, akachukua kalamu, si kwa hasira bali kama mtu aliyepewa hesabu. "Bibi, picha ya marehemu huandikwa jina. Nyundo si jina."

"Mpe. Jina la ukoo natoa mimi. Pyo."

"Pyo Dalho, basi. Na nani atasimama kupokea wageni? Lazima awepo mfiwa."

"Ana mama."

"Anaishi wapi?"

"Si hapa hapa! Anauza matufaha. Na ana mdomo."

"Hilo nimeshaliona," alisema Seou akiandika. "Nani atakuja?"

Wakaanza. Atakuja kinyozi wake. Atakuja mwalimu wake wa darasa la tatu aliyemchapa kwa kosa la mwingine na hajalala vizuri tangu hapo. Atakuja mtu wa kula supu tu. Gilnam akakohoa kule mlangoni.

"Kwenye misiba ya namna hiyo, mwalimu... huwa kuna mtu mmoja analia kuliko mfiwa, na hakuna anayemjua."

"Mwanamke?"

"Aah, mtu akitaka awe mwanamke, nani atamkataza."

Wakagombana juu ya huyo mwanamke mpaka tambi alizoleta Gilnam zikavimba kwenye bakuli. Mama Okbun aliporudishwa, karatasi zilikuwa zimejaa: kinyozi, mwalimu, soko la matufaha, kitanda cha mtoto Dalho, na kovu la goti alilolipata akimkimbia mbwa.

Habari zilifika kwa Bibi Maeng kabla gari halijazimwa. "Okbun, naambiwa kuna msiba. Niweke na mimi. Najua kulia."

"Wewe utakuwa yule aliyefuata supu."

"Basi nichorwe na bakuli kubwa."

Kilichotokea baadaye Gilnam alikisikia kupitia dari, akiwa anaosha masufuria. Seou alikuwa kwenye simu na mhariri, na sauti ya Busan haijui kunong'ona.

"Siwezi, nakwambia! Kila nikimchora chini pale amelala, namwona kinyozi wake!... Kwa sababu namjua mama yake!... Hapana, si mama yake kweli... Ndiyo, kweli!... Usinifokee, nimemchora akiwa na miaka mitano!"

Kisha hatua zikashuka ngazi, na Seou akaingia nywele zimesimama.

"Mjomba, mhariri amekubali sehemu moja tu ya hadithi. Hospitali. Afumbue macho, aseme neno. Wasomaji wakimtaka, ataishi na atakaa kwenye hadithi. Wasipomtaka, tunao msiba tayari."

Akaweka karatasi juu ya kaunta. Humo mlikuwa na kitanda cha hospitali, na pembeni yake mama mmoja mdogo wa umbo anamenya tufaha kwa hasira. Kwenye kadi iliyoning'inia kitandani pameandikwa Pyo Dalho. Midomo yake ilikuwa midomo tu, inayomtosha mtu. Na juu ya kichwa chake palikuwa na kiputo cha maneno, kipana, cheupe, kitupu.

"Hapo sijaandika," alisema Seou. "Nilijaribu, yakatoka maneno ya baunsa. Andika wewe. Natuma jioni hii."

Gilnam aliweka maji jikoni, akayazima. Akafuta kaunta iliyokuwa safi. Mteja mmoja aliagiza tambi, akaambiwa kwamba tambi zipo, ila kuna mtu anafumbua macho. Simu ikalia; Seou alikuwa ameshampa Mama Okbun habari.

"Amesema nini?" Mama Okbun aliuliza. Nyuma yake wazee wengine walisikika wakinyamazishana.

"Bado, mama."

"Bado nini? Mwambie afanye haraka!"

"Mama, ametoka ghorofani. Mwache apumue."

"Gilnam! Usimfanye aombe msamaha. Wala usimfanye kichekesho."

"Lakini watu wanampenda kwa kuchekesha, mama."

"Wewe unachekesha kila siku. Mimi nilishakuona kichekesho?"

Gilnam akaweka simu chini. Juu ya ngazi Seou aliita, "Mjomba, jua linazama!" Wateja kwenye mikeka walikuwa wameshusha vitabu vyao, wanamtazama. Akavaa miwani, akaishika kalamu juu ya ule weupe. Watu wote wenye sura yake aliowasoma tangu utotoni walianguka wakiunguruma, na huyu mmoja amebakizwa, ana jina, ana mama pembeni, na nchi nzima itasoma Jumatano kuamua kama aendelee kuwepo.

Nawe msomaji wangu, uliyemchora pamoja nami tangu mlangoni: kama kalamu ingekuwa mkononi mwako, Dalho angefumbua macho aseme nini?