Majina ya Mashua Katika Faili la Mahututi

Shangazi yangu Shamsa alikuwa na ulimi mkali na mwandiko mzuri, na hivyo viwili ndivyo vilivyompa kazi katika hospitali moja ya Kismayo. Alitunza mafaili ya chumba cha mahututi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja tu, na vita vilipoingia mjini mwaka wa tisini na moja, wagonjwa walilazwa hata sakafuni. Dripu imeingia saa ngapi, damu imetoka kwa nani, homa imepanda kiasi gani: shangazi alitaka yote yaandikwe, na daktari aliyesahau alifokewa mbele ya wagonjwa wake.

Ndiye aliyemwandika baba yangu. Baba, Famau, mvuvi wa kisiwa cha Chula, alikuwa amepeleka papa mkavu mjini akakuta watu wenye bunduki wakimuua mwenye duka. Alimwona mkubwa wao uso kwa uso. Walimpiga risasi ya shingo wakaenda zao wakidhani amekwisha. Hakuisha. Alilala mahututi siku kumi na moja, dada yake akiwa pembeni na kalamu. Wale watu walipokuja hospitali kumuulizia, shangazi aliwaambia kwa Kisomali safi kwamba amekufa na ameshazikwa. Baadaye akamrudisha baba Chula amefunikwa magunia. Shangazi alikuwa mkali, lakini jasiri hakuwa. Aliniambia mwenyewe kwamba tangu siku ile, kila mlango ukibishwa, alikimbilia mlango wa nyuma.

Mwezi uliofuata Daktari Hamidi, mtu wa Mombasa, alikuja na jambo lake. Hospitali tatu, ya Kismayo, ya Mogadishu na ya Mombasa, zikusanye pamoja kumbukumbu za mahututi wao: nani alifikishwa baada ya muda gani, akapewa nini, akaishi au akafa. Huenda wakajua dripu chache zilizobaki zimfae nani. Shangazi alilipenda jambo hilo, kwa sababu alikuwa amechoka kuona watu wakifa bila mtu kujifunza kitu. Daktari alisisitiza kwamba lisionekane jina hata moja. Kila mgonjwa apewe namba.

Hapo wakagombana. Kwetu visiwani watu hawahesabiwi. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakwambia Mungu amemjaalia, basi. Kumpa namba mtu aliyeponea chupuchupu ni kuyaita mauti yarudi.

"Mchu hahesabiwi kama samaki," shangazi alimwambia daktari, akaenda kunakili karatasi kwa namna yake.

Penye jina akaandika mashua ya mgonjwa au ya jamaa zake, maana hivyo ndivyo tunavyotajana: yule wa Salama, yule wa Tawakali. Baba akawa Nusura. Nusura, risasi ya shingo, siku kumi na moja, ametoka hai. Daktari alidhani ni maneno ya kubuni tu, akamsifu kwa akili yake.

Nakala moja ilipelekwa Mombasa kwa njia ya bandari ya Burgabo, ikafika. Nyingine ilikwenda Mogadishu kwa gari. Siku ya pili dereva alirudi kwa miguu, midomo imepasuka. Gari limenyang'anywa, alisema, na karatasi pia, na mmoja wa wale wenye bunduki alikuwa akizisoma kwa sauti.

Shangazi alimpa maji, akamwambia asihofu, karatasi zile hazina jina la mtu. Kisha akashika njia ya pwani kwenda nyumbani. Mashua zilikuwa zimepandishwa mchangani, na nyuma, kwenye tezi ya kila moja, lilikuwapo jina kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, lisomwe na kila apitaye. Aliyempiga mtu risasi ya shingo angejua Nusura ni nani, na pwani nzima ingemwambia mashua hiyo ni ya wapi. Alikuwa amemfichua kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake kabla ya adhuhuri alifika Chula. Nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka aliruka majini na viatu vyake. Baba alipomsikiliza alichukua kisu, akaanza kukwangua jina la Nusura. Shangazi akamshika mkono. Mashua moja yenye alama mpya ingejitaja yenyewe. Ikabidi zikwanguliwe zote, kisha zipakwe sifa, yale mafuta ya papa, kuficha mbao nyeupe. Hakuna mwenye mashua aliyekataa. Tungeondoka saa ile ile, lakini maji yalikuwa yametoka na mashua hazingeelea mpaka alasiri. Wanaume walikwangua, na kila mara mmoja aliinua kichwa kutazama baharini.

Walikuja kabla maji hayajajaa, na boti ya mashine. Mkubwa wao alishika karatasi. Niliutambua mwandiko, kwa kuwa ndio ulionifundisha kusoma. Akauliza Nusura ni ipi. Akapita tezi hadi tezi akipapasa mbao, akanusa kidole chake. Basi kama hazina majina, alisema, zote ni Nusura. Akaagiza petroli ya kuzichomea.

Mashua zile ndizo njia pekee ya kisiwa kizima kutoka. Nilikuwa nimeshika leso ya shangazi, naye akarudi nyuma hatua moja. Baba alikuwa amejificha nyuma ya nyumba yetu, na angeweza kubaki huko. Akatoka. Akafungua kitambaa shingoni, wakaliona kovu. Aliwaomba kwa Kisomali waziache mashua, nao wakaziacha. Kisha akamgeukia dada yake, akatuonyesha sisi watoto.

"Watukue wana, nduyangu. Msingoje."

Maji yalipojaa tuliondoka kwenda Kenya kwa mashua zisizo na majina. Tulichokiacha mchangani sitakisema.

Mwaka uliofuata Daktari Hamidi alitukuta kambini Mombasa. Utafiti umefaa, alisema, wapo watu wanaookolewa kwa sababu yake. Namwamini, na mpaka leo sipendi kulisikia. Akafungua karatasi ile iliyofika. Nusura, ametoka hai. Shangazi akamwambia ameuawa. Daktari akaeleza kwa upole kwamba wanaandika waliotoka wodini wakiwa hai, na yaliyotokea baadaye hayaingii. Katika utafiti wake, Famau alikuwa miongoni mwa waliopona.

Shangazi aliomba kalamu, asibaki mwingine wa kutafutwa kwa mashua yake. Akayakata majina ya mashua, moja baada ya jingine, na juu ya kila moja akaandika namba, kuanzia moja. Mwandiko haukuwa ule wake mzuri. Alipofika kwa kaka yake akaacha kuandika.

"Mwandike wewe," akaniambia, akanipa kalamu.

Nikaandika kumi na nne.