Nyumba Ndani ya Mabati

Ermelinda Matsinhe hakuwa mwongo. Katika mtaa wao wa Maputo, nyuma ya soko la samaki, alijulikana kwa kusema kweli hata pasipohitajika; mchumba wa mjukuu wake aliambiwa palepale kwenye posa kwamba ana masikio makubwa. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, na alifundishwa na mumewe mwaka wa 1968: mtu mwenye karatasi akikuuliza nyumba yako ni ya nini, jibu ni mabati.

Zama hizo Mreno hakutaka mtu mweusi ajenge kwa matofali katika mitaa ile. Wakaguzi wakiona ukuta, wanaangusha. Kwa hiyo mumewe Fabião, fundi mwashi ambaye siku sita aliwajengea wazungu majumba, Jumapili alijijengea lake ndani ya banda la mabati. Wakaguzi wako ufukweni na wake zao, Ermelinda kafungulia redio mpaka mwisho ili mwiko usisikike, na ukuta unapanda tofali kwa tofali, shibiri moja nyuma ya bati. Ilichukua miaka miwili. Vikapatikana vyumba vitatu, na kuta za nje zikapakwa rangi ya waridi ambayo jua halikuwahi kuiona.

Uhuru ulipokuja, majirani wenye siri kama hiyo waliyang'oa mabati yao kwa vigelegele. Fabião akasema ngoja kwanza. Alikuwa mtu wa ngoja kwanza. Vita vikaja, naye akafia kwenye basi lililoshambuliwa njiani, kabla hajang'oa hata msumari. Ermelinda angeweza kumalizia kazi hiyo, lakini misumari ile ilipigwa na mkono wa mumewe, basi, moyo ukakataa. Kila Desemba akayapaka mabati rangi ya kijani. Watoto wa mtaa wakamwita Bibi Mabati, naye akawa anacheka peke yake akishaingia ndani.

Mwaka juzi ikaja habari ya barabara mpya ya bandarini. Kwenye mkutano, mhandisi alieleza kwamba nyumba za matofali zitakwepwa, barabara itapinda; mabanda ndiyo yatakayoondoka. Watu waligombana mpaka viti vikarushwa. Ermelinda hakwenda, alikuwa anatwanga kisamvu cha matanga ya jirani. Kesho yake kijana wa kuandikisha akasimama langoni.

"Habari za asubuhi, bibi. Nyumba hii ya nini?"

Ermelinda aliona kalamu, akaona karatasi, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Mabati, mwanangu. Mabati matupu."

"Hata ndani?"

"Ndani kuna nini, kwani? Maskini ana cha kuficha?"

Kijana akacheka, akaandika, akamwekesha alama ya kidole gumba. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila sidhani kama walimfikiria mjane anayemtii marehemu.

"Umewaambia mabati?" Jirani yake Graça alishika kichwa jioni ile. "Wewe mama wewe! Barabara si inapinda kwa ajili ya kuta?"

Ermelinda akakaa chini palepale mlangoni. Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya barabara, na baada ya hapo alirudi mara tatu. Karani alikuwa binti mwenye kucha ndefu.

"Mama, tangu mkutano ule kila mtu ana ukuta ndani ya bati. Leta kibali cha ujenzi."

"Ilikuwa marufuku kujenga, binti yangu. Ndiyo maana tulificha."

"Kwa hiyo unaniambia nyumba haina kibali."

"Njoo uione kwa macho yako."

"Orodha imefungwa. Na kidole umetia mwenyewe. Ukibadilisha chochote sasa, tutasema umejenga jana."

Mficha uchi hazai, watu husema. Yeye alificha, akazaa watoto wanne humohumo, na sasa kule kuficha kumemgeuka. Alijua hana la kufanya, na kujua huko kulimuuma kuliko njaa.

Siku ya tingatinga aliomba jambo moja: ang'oe mabati kwanza. Msimamizi, mtu wa makamo, mpole, akakubali akidhani anataka kuyauza. Graça na wanawake wa mtaa wakaleta nyundo. Likaanguka bati la kwanza, la pili, la tatu, na waridi ikatokea, mbichi kabisa. Watu wakasogea kuigusa. Miaka hamsini walikuwa wakipita hapo.

Msimamizi akagonga ukuta kwa ngumi. Akatazama karatasi yake, akapiga simu, akasikiliza muda mrefu.

"Wanasema barabara haipindi tena," alisema, bila kumtazama usoni. "Lakini mama, nyumba nzuri namna hii, kwa nini hukusema?"

Ermelinda akainama, akaokota misumari ya mumewe.

Banda la mabati la jirani lilikuwa limekwenda kwa pigo moja. Fabião hakuwa fundi wa kuiba saruji: kuta zake ziligongwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mjane wake alisimama pale mpaka ulipoanguka wa mwisho.