Msimu Tulipokula Mbegu

Harufu ya maharagwe yanapoanza kuchemka, ile ya povu la kwanza kabla ya chumvi na kitunguu, hunirudisha utotoni mpaka leo. Wenzangu husikia njaa. Mimi husikia huzuni, na nitawaambia kwa nini, ingawa si kisa cha kumchangamsha mtu.

Tuliishi mtaa wa Mbotela, jijini, chumba kimoja, watu watano. Chini ya kitanda cha wazazi kulikaa chungu cha Mama, kimejaa maharagwe ya zambarau yenye madoa meupe, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Mama yake alimpa alipoolewa, kule kwetu magharibi. Kila msimu aliyapanda kwenye kishamba chetu kando ya reli, akavuna, akarudisha mengine chunguni. Kukigusa chungu kile kulitosha kukuletea kofi.

Baba alikuwa dereva katika kituo cha utafiti wa mimea. Jioni moja alirudi na mfuko wa maharagwe, akauweka mezani kama aliyeleta nyama ya Krismasi. Wakubwa wake walikuwa wameyapiga miale kwa mashine, alisema, yabadilike huko ndani, wapate aina ya kustahimili ukame. Haya yalikuwa masazo, yangetupwa.

"Panda hizi zote, Mama Nafula. Zitazaa mpaka ushangae."

"Na zangu?"

"Zako pikia watoto wakule. Za nini tena?"

Mama alisitasita, lakini mvua ilikuwa karibu na unga ulikuwa unaisha. Alipanda za Baba, akapika zake zote. Mungu anisamehe, tulifurahi! Tulikula mpaka matumbo yakawa ngoma, na kaka yangu Wafula akatuaibisha kanisani Jumapili.

Nusu ya mbegu hazikuota. Zilizoota zilitoa mimea mifupi, majani yamejikunja, mengine yana mabaka meupe. Michache iliyobahatika kuchanua ilipukutisha maua yote. Mama Njeri, aliyelima kishamba cha pili, alisimama mpakani na jembe lake.

"Mama Nafula, hii maharagwe yako ni majani tu! Uliifanyia nini?"

Mama aling'oa mche mmoja, akautupa. Alitazama viganja vyake. Tangu siku hiyo alisema mikono yake imeharibika, haioteshi kitu. Alisafiri hadi kwao kutafuta mbegu ile, lakini bibi alikuwa amefariki zamani, na majirani walipanda za dukani. Kishamba akamwachia Mama Njeri.

Miaka mingi baadaye, katika chuo cha kilimo, mwalimu alitueleza kwamba miale haichagui. Hugonga mbegu kwa kubahatisha, nyingi huharibika, na mtafiti hupanda maelfu akitafuta mmea mmoja uliobadilika ukawa bora. Tena kabla ya yote, alisema, huweka kando mbegu ambazo hazijaguswa. Niliona aibu kulia mbele ya darasa, lakini nililia.

Nilipofika nyumbani likizo, Mama aliniuliza tunafundishwa nini huko. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa mikono yake, haikuwa kamwe. Lakini Baba alikuwa ameketi pale pale na chai yake, amezeeka, anafurahi kuniona.

"Mambo ya mbolea tu, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mbolea ni ya watu wenye mikono, mwanangu."