Bati Mbele, Maboga Nyuma

Shemeji yangu Edmund wa Chilangala hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikikasirika huwa nasahau. Alikuwa mkulima wa korosho, mcheshi, mchapa kazi, mwenye kumwogopa dada yangu Yuliana kuliko alivyokubali. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda aonekane amepata.

Miaka ile malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda Newala kugombea korosho, bati nazo zikaingia vijijini. Huku kwetu juu hakuna mto. Maji ni mvua, na mvua unaikinga kwa paa. Mwenye bati anachimba kisima ubavuni mwa nyumba, anakisakafia kwa saruji, anaelekeza mfereji humo, basi, mkewe hateremki tena bondeni na ndoo kichwani. Edmund naye akanunua bati, ila korosho zake zilitosha upande mmoja wa paa. Akaezeka upande wa mbele, unaotazama barabara. Nyuma akaacha nyasi za zamani.

Ukipita njiani ungesema huyu bwana kajenga. Ukizunguka nyuma, loo! Nyasi zilikuwa zimeoza mpaka zikawa udongo, majani mabichi yameota juu yake, na maboga ya dada yangu yametambaa huko yakazaa. Mvua ikinyesha, maji ya upande wa bati yalishuka kwa kelele na kwisha pale pale mvua ilipokatika. Upande wa nyuma ulikuwa unakunywa kwanza. Ulikunywa mpaka ukashiba, ndipo ukaanza kudondosha, na hata jua likishatoka na kuku wakirudi kuchakura, upande ule bado unatoa tone moja moja. Na maji yake yalikuwa mekundu kama chai ya rangi.

Nilimwambia, "Shemeji, haya ya nyuma yakingie pipa, mfulie nguo. Usiyaingize kisimani."

"Watu wakiona pipa watauliza la nini," akanijibu. "Mwenye bati anaweka pipa la nini?"

Ebo! Basi akaunganisha mifereji yote miwili kwenye kisima kimoja, ili aonekane ana nyumba nzima ya bati. Kisima chote kikawa chai.

Huenda tungemcheka yakaisha. Lakini Dunstan, mwalimu kijana wa Masasi, akamtaka Claudia, binti wa Edmund, na Claudia akamtaka Dunstan kwa moyo wote. Edmund akaenda Lukuledi, huko huko Masasi, kuwasalimia wazazi wa kijana, na mdomo wake ukamponza. Akawaambia nyumba yake imevaa bati mbele na nyuma, na maji kwake ni ya kumwaga.

Claudia akanijia analia. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa posa. "Mjomba, Baba amewadanganya. Wakija wakaona, watasema wanaoa kwa waongo. Hawatarudi tena."

Nilichemka tu.

Walikuja mwezi wa tatu, asubuhi, baada ya mvua kubwa ya alfajiri. Yuliana alitaka kuomba ndoo ya maji meupe kwa jirani yetu Nuria. Edmund akamkatalia. "Mimi nina kisima, nikaombe maji?" Alikuwa amevaa suruali yake nyeupe ya Krismasi. Kila kitu alikuwa amekipanga, viti, mikeka, wageni wakae wapi wasione nyuma. Alisahau kitu kimoja: mtu aliyetoka Lukuledi juu ya lori, jambo la kwanza anaulizia choo. Na choo kiko nyuma.

Mama Dunstan alikwenda, akarudi, akakaa. Yuliana akapiga goti, akamkaribisha maji kwenye glasi. Jamani, glasi! Angalau kingekuwa kikombe cha bati. Yale maji mekundu yakaonekana na kila mtu, na baba yake Dunstan akainamisha uso kama mtu aliyemwona mwenzake hana nguo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Claudia alikuwa chumbani, nikamsikia akivuta kamasi.

Mama Dunstan akanywa. Akaimaliza glasi, akaiweka chini taratibu.

"Baba Claudia," akasema, "nimeona maboga yako. Naomba moja nikapike nyumbani."

Edmund akaniangalia mimi. Nikaangalia mkeka. Angemtuma nani? Mgeni ameomba kwa mwenye nyumba. Akasimama, akaenda nyuma, na wageni wote wakainuka wakamfuata, nasi tukafuata.

Akaegemeza ngazi, akapanda. Ili alifikie boga ilimbidi apige magoti juu ya zile nyasi, na nyasi zilikuwa bado zimeshika mvua yote ya alfajiri. Alipoweka magoti, maji yakachuruzika chini mbele yetu, mekundu, yakaingia kwenye mfereji, kuelekea kisimani. Hata mtu asiyejua angejua.

Akabaki kule juu, boga mkononi, ametupa mgongo. Kisha nikamsikia, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Mama Dunstan, huku nyuma sina bati."

"Nimeshaona, Baba Claudia," yule mama akamjibu. "Shuka usije ukaanguka. Tumekuja kuzungumza habari za watoto."

Hasira yangu yote ikaniishia. Nilitaka kumsaidia kushuka, lakini alikataa mkono wangu.

Tukarudi mbele tukazungumza, na Claudia akaulizwa, akakubali, na vigelegele vikapigwa. Edmund, aliyezoea kuongea kuliko sisi sote, aliketi kwenye kiti chake mbele ya wakwe, magoti mawili mekundu kwenye suruali nyeupe, na muda wote ule alikuwa ameyafunika kwa viganja. Alipoambiwa ampe mkono baba yake Dunstan, ilimbidi aliachie goti moja.